Uhuru Iliruka Ngomeni, Siye Twafundisha Kama Haituhusu

Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Juu yake ilibeba satelaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi. Makaratasini iliitwa SAS-1. Mama aliyesimamia mradi huo kule NASA, Marjorie Townsend, akaona siku yenyewe ishatoa jina, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ndivyo inavyoandikwa mpaka leo kwenye vitabu vya elimu ya anga dunia nzima.

Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuangalia eksirei zinazotoka angani.

Wiki iliyopita nikiwa kantini niliwauliza wenzangu tisa, wote wa Edu, na wote Fizikia ni moja ya masomo yao ya kufundishia: Uhuru ni nini? Mmoja akasema gazeti. Mwengine akasema uwanja wa mpira Dar. Wa tatu akasema mwenge. Hakuna aliyetaja satelaiti. Siwalaumu, hatukufundishwa. Lakini muhula ujao ni siye tutakaopewa chaki tukasimame mbele ya watoto, na tukiendelea hivi, nao watatoka skuli wakiamini kwamba elimu ya anga ni mambo ya Wazungu, huko kwao, kwa lugha yao. Si kweli. Elimu hii ilipanda juu kutoka pwani yetu na hadi miaka hii tuliyomo inashuka pwani yetu. Mwalimu wa Fizikia wa Pemba, Unguja, Tanga au Lamu anayeifundisha kama habari ya mbali anawadanganya wanafunzi wake, hata kama hakukusudia.

Kwanza niseme kwa nini ilibidi kwenda juu. Sote twajua eksirei inapita kwenye nyama ikaacha kivuli cha mfupa. Kwa hiyo mtu anadhani itapita popote. Haipiti hewa yetu. Ukiipima kwa uzito, hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Waliowahi kuzamia kutafuta kome au pweza wataelewa: mita kumi za maji ni blanketi zito. Eksirei za angani zinamezwa humo zote, na ni salama kwetu kwamba zinamezwa. Anayetaka kuziona lazima atoke nje ya blanketi. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu ya hewa kwa chini ya dakika sita, ikaona chanzo kikali upande wa nyota za Nge. Dakika sita! Miaka minane wakaenda hivyo, kuchungulia na kuanguka, kuchungulia na kuanguka. Uhuru ndiyo iliyowapa jicho lililokaa juu miaka miwili na ushei, mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Giacconi akapata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Na kwa nini Ngomeni? Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia, na wala si kwa hisani ya mtu. Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inayoelekezwa mashariki inapewa kasi hiyo bure. Tena satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya eneo lenye mionzi mikali juu ya Atlantiki Kusini, ambalo linavuruga vipimo vya eksirei. Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walikuwa wakirusha roketi kutoka kwenye majukwaa yao hapo tangu 1967. Baada ya Uhuru zikafuata SAS-2, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975. Roketi ya mwisho ilirushwa 1988. Katika miaka ile ya sabini, aliyetaka kutazama anga kwa eksirei ilimlazimu kuijua njia ya Malindi.

Sasa twende kwenye kitu chenyewe kilichonifanya niandike.

Katikati ya galaksi yetu, umbali wa miaka-nuru 26,000 hivi, kuna shimo jeusi liitwalo Sagittarius A*, lenye uzito wa jua milioni nne. Kwa macho hatuoni kitu kule kwa sababu ya vumbi lililojaa njiani. Eksirei zenye nguvu zinapita kwenye vumbi hilo. Uhuru iliona eksirei zikitoka upande ule, lakini jicho lake lilikuwa pana mno, kama mtu anayetazama taa za madema kutoka mbali akaona mng'aro mmoja tu. Ilibidi kungoja mpaka Chandra, iliyorushwa 1999, ndipo mng'aro ule ukatengana. Na kilichoonekana ni ajabu ya aina mbili zikiwa pamoja.

Ya kwanza ni gesi ya moto wa kupindukia, makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kwa joto hilo atomu ya chuma inavuliwa elektroni zake karibu zote, na ile inayobaki hivyo inatoa eksirei zenye alama yake maalumu, kilo-elektronivolti 6.7. (Wataalamu bado wanabishana kiasi gani cha mng'aro huo ni gesi yenyewe na kiasi gani ni maelfu ya nyota ndogo ndogo zisizotengana. Waacheni wabishane, ndiyo kazi.)

Ya pili ni mawingu ya molekuli, na hapa ndipo mie nilipokosa usingizi. Mawingu haya ni baridi, zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Kitu baridi namna hiyo hakina ubavu wa kutoa eksirei. Lakini yanang'ara kwa eksirei, na alama yake si ya chuma cha moto, ni ya chuma baridi, 6.4. Maana yake mawingu hayawaki. Yanamulikwa. Kuna kitu kiliyapiga eksirei, na yenyewe yanazirudisha. Kitu gani? Ukitazama jirani hapo, shimo jeusi limelala. Linatoa eksirei chache mno, haziwezi kumulika mawingu yale.

Jibu ambalo wataalamu walianza kulipigania tangu miaka ya tisini ni kwamba tunaona mwangwi. Shimo lililolala leo liliwahi kuamka. Lilimeza kitu, likawaka, na eksirei zake zikatawanyika pande zote. Zile zilizokuja kwetu moja kwa moja zilishapita. Nyengine zilikwenda kwanza kupiga mawingu, zikadunda, ndipo zikashika njia ya huku. Zimezunguka, kwa hiyo zimechelewa. Wingu moja, Sagittarius B2, limeangaliwa mwaka baada ya mwaka na limekuwa likififia, kama mwangwi unavyokufa.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi mzito. Satelaiti ya IXPE, ya NASA na Shirika la Anga la Italia, iliyorushwa Disemba 2021, inaweza kupima eksirei zinatikisika kwa upande gani. Mwanga ukidunda hutikisika zaidi upande mmoja. Ndio maana miwani ya wavuvi wa kitalii inakata mng'aro wa jua juu ya maji. Ukijua upande wa mtikisiko unaweza kukisia mwanga ulitokea wapi kabla ya kudunda. IXPE ilipoyapima mawingu yale, mshale ulirudi kwa Sagittarius A*, na hesabu ikawa shimo liliwaka, kwa saa za hapa duniani, miaka 200 hivi iliyopita.

Miaka 200 iliyopita ni zamani za Seyyid Said, kabla Pemba haijawa kisiwa cha karafuu. Eksirei za moja kwa moja zilifika hapa wakati huo, zikamezwa na hewa juu ya Pemba na juu ya kila mahali, na hakuna binadamu aliyejua, maana hata neno eksirei halikuwapo. Röntgen aliigundua 1895. Tulikosa kelele yenyewe, mwangwi tukauwahi.

Na taarifa za IXPE zinashukia wapi? Kituo chake kikuu cha kupokelea kipo Malindi, kwenye kile kituo cha Waitaliano chenye jina la Broglio. Satelaiti inazunguka juu ya ikweta, na kila baada ya saa moja na nusu na ushei inapita upande wetu. Wallahi niliposoma hilo nilisimama. Kutoka kwetu Chokocho mpaka Ngomeni ni kilomita 270 hivi kwa mstari ulionyooka. Habari za shimo jeusi la katikati ya galaksi zilitua jirani yetu kabla hazijafika Marekani, na siye tunazisoma, tukizisoma, kwa kupitia Marekani.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa skuli moja isiyo mbali na nyumbani. Darasa la kidato cha nne, waliochukua Fizikia walikuwa saba, na wawili kati yao walikuwa wakihesabu siku. Tulifika ile mada ya elektroni kutolewa kwa joto, ambamo eksirei huingia. Desa linasema: eksirei ni nini, sifa zake sita, matumizi yake matano, madhara yake manne. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanasahau. Nikafunga daftari, nikawasimulia Uhuru na mawingu. Mmoja, msichana ambaye tangu nifike hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani huko juu nani kavunjika?"

Darasa lilicheka mpaka la jirani wakachungulia. Lakini hilo ndilo swali. Kwake eksirei ni ya hospitali, lazima pawepo mashine na mgonjwa. Kumjibu ilibidi turudi kwenye elektroni inayokwenda kasi ikazuiliwa, kwenye atomu iliyopigwa ikatoa alama yake, yaani mada ile ile ya desa, safari hii wakiitaka wenyewe. Dakika arobaini hazikutosha. Siku ya pili alikuja na swali jengine: kama mwanga unaweza kuchelewa, je, jua tunaloliona ni la sasa hivi? (La. Limechelewa dakika nane.) Hiyo ni mada ya falaki, nayo imo kwenye muhtasari wa kidato cha nne, na kwa kawaida huachwa mwisho na kufundishwa mbio mbio au kutofundishwa kabisa.

Msimamizi aliyekuja kunikagua siku hiyo alinikata alama. Sababu aliyoandika: nimetoka nje ya andalio la somo. Alama zangu nimezikubali, lakini hoja yake siikubali. Andalio lilisema mwanafunzi aweze kueleza eksirei zinavyotokea. Wale saba waliweza, na mie nilikuwepo.

Najua mnachotaka kusema, kwa sababu Ami yangu kashanisemea. Yeye ni mvuvi, na usiku wa giza bandarini pale Chokocho, tukingoja mashua ya kutoka Kisiwa Panza, nilimwonesha upande wenyewe. Anga anaijua kuliko mie. Kilimia anakijua, Nge anamjua, na majira ya kusi na kaskazi anayasoma kwa nyota. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sasa mwanangu, hilo shimo lilowaka zamani za Seyyid, siye latupa nini?"

Nikamwambia, "Ami, pesa halitupi."

"Basi latupa nini?"

Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe hapewi pesa na Kilimia, ila bila ya kukijua hajui afanye nini mwezi ujao. Hakuridhika sana. Akasema Kilimia kinamwambia mvua, hilo shimo halimwambii kitu. Kwa haki ya Mungu hapo kanishinda, na sitajifanya hapa kwamba nilipata jibu zuri mashua ilipofika. Lakini swali la Ami ni la mvuvi mwenye miaka sitini anayeijua kazi yake. Kwa mtoto wa miaka kumi na saba anayeamua aendelee na Fizikia au aiache, hesabu ni nyengine. Huyu anatazama kama humo mna nafasi yake. Kila mtu aliyetajwa kwenye daftari lake ni wa ng'ambo, kila chombo ni cha ng'ambo, kila neno ni la ng'ambo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilisukuma Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sitaki kufungua kesi hiyo leo, ni ndefu. Nasema tu kwamba katika mlolongo wote wa maneno ya kigeni, lipo neno moja lao, Uhuru, limeandikwa kwenye chombo kilichoanzisha elimu nzima, nasi hatuwaoneshi.

Na wala sisemi tulilie jina. Jina tulipewa kama shukrani kwa mwenyeji, chombo kilikuwa cha Marekani, jukwaa la Italia, na vipimo vilikwenda zao. Hapa nawatofautia wale wenzangu wachache wanaoijua habari hii na kuisimulia kwa kifua mbele, kana kwamba siye ndiye tuliyerusha. Jina si umiliki. Kenya ilianzisha Shirika lake la Anga mwaka 2017, na mwaka 2023 ikapata satelaiti yake, Taifa-1. Ilirushwa kutoka California. Satelaiti yenye jina letu isiyo yetu iliruka Ngomeni, na satelaiti iliyo ya jirani yetu kweli ikaenda kurukia ng'ambo. Nikiwa mwalimu wa Uraia ningetengeneza vipindi viwili kwa habari hiyo peke yake. Watoto wapewe yote, la fahari na la uchungu, waamue.

Wapo watakaosema skuli hazina maabara, nyota zitasubiri. Maabara hazipo, ni kweli, na bumu letu halinunui hata voltimita. Lakini hiki ni kifaa kisichohitaji maabara. Katikati ya galaksi, upande wa buruji ya Kausi, karibu na mkia wa Nge, panapita London pakiwa juu ya paa za nyumba kidogo tu. Kwetu Pemba panapita karibu na utosi, pameinamia kusini. Mwezi wa Julai, saa nne na nusu usiku, ndipo panapokuwa juu kabisa. Giza la Chokocho, ambalo tumezoea kulihesabu kama umasikini, wenzetu wa mijini wanasafiri kulitafuta.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa uongozi wa Serikali ya Wanafunzi. Safari ya mafunzo ya mwaka huu, badala ya kwenda tena kule tunakokwenda kila mwaka kupiga picha, iombewe ruhusa Malindi, tukaone antena zinapopokea. Ikiwa nauli haitoshi kwa wote, waende wa Edu wa sayansi, maana hao kila mmoja atarudi na kuwasimulia watoto arobaini. Na kabla ya kupangiwa vituo vya mazoezi, klabu ya sayansi itoe karatasi moja, kurasa mbili, kwa Kiswahili, yenye habari ya Uhuru na ya mwangwi, ambayo mwalimu mwanafunzi ataweza kuibandika ukutani. Rasimu ya kwanza nishaiandika. Neno la "upande wa mtikisiko" bado linanisumbua, mwenye zuri zaidi aniletee, nakaa chumba cha mwisho bweni la juu. Klabu inakutana Alhamisi baada ya sala ya alasiri, darasa lile lenye feni moja nzima.